Siku Niliyosema Mwizi Atoke

Posho, ndiyo jumamosi, tarehe 5, mwezi wa saba. Upepo wa ziwa tangu asubuhi, vumbi kila mahali, baridi ya kuvaa koti. Leo nimepata haya mbele ya avenue yetu nzima, mutaa wote, hapa Baraka, na ninaandika nikiwa bado sielewi vizuri kosa lilianzia wapi, lakini nitajaribu kusema kila kitu sawa vile kilipita, hata penye kuniumiza.

Tangu bei ya umeme ipande, nyumbani kwetu mi njo nilijifanya mukubwa wa kuzima. Nilitoa ampule, ile taa, ya chooni, nikatoa ya barazani, pasi nikaificha juu ya kabati, na mama mukwe wangu alipofika kutoka Lulimba kutafuta dawa ya magoti, nilimuambia bibi yangu Furaha atoe hata ampule ya chumba cha mama, juu mama analala mapema (haukuwa upendo huo, ninakubali). Mi mwenyewe singeweza kuingia mule. Kwetu mwanaume haingiake chumba mama mukwe wake analala, hata nyumba ikiwaka moto ataita muntu mwingine. Basi ile chumba nikaihesabu kama haina umeme, nikaisahau. Prizi ya ukutani, penye kuchomeka waya, sikuifikiria hata kidogo.

Kwa upande wa makala, makaa ya kupikia, ambayo nayo ilipanda bei, nilikuwa na furaha. Gunia ilikuwa haishuki, na kila jioni Furaha akitoka sokoni tunakula maharagi ya mama yaliyoiva vizuri. Nikafikiri ni mashauri yangu ya kubana yanazaa matunda, hata nikajisifu kanisani.

Lakini compteur, kile kisanduku cha ukutani kinachoonyesha umeme uliobaki, ilikuwa inakimbia. Tunanunua leo, kesho kutwa tuko gizani. Siku moja nilizima vyote, nikaweka kiti mbele yake, nikaona namba zinashuka tu. Sasa, upande wa pili wa ukuta kuko fundi Dezire, mushoni, alikimbilia huku kutoka Burundi zamani, tunagawana naye nyumba lakini iko na compteur yake. Kila akikanyaga mashini yake ya umeme, drrrr, mi naona namba yangu inashuka. Akiacha pia ilikuwa inashuka, niseme ukweli, lakini hiyo sikuitia maanani.

Furaha akaniambia, "Baba Neema, tafuta kwanza kwetu."

"Nimetafuta."

"Kila mahali?"

"Kila mahali," nikasema, na sikujua ninadanganya.

Leo asubuhi nikaita shefu wa avenue, nikamuambia fundi ananiibia umeme. Nilitaka aje polepole, muntu mumoja, lakini alifika na bamama waliokuwa kwa bomba, na wateja wa fundi, na batu wengine sijui hata walitokea wapi. Shefu akasema wazi: akikuta waya ya wizi, fundi anakatiwa umeme na anahama kwa ile nyumba leo leo. Hapo roho ilinigonga, juu Dezire iko na batoto wane na hana kazi ingine. Lakini nilikuwa nimeshasema, na namba zinashuka, ningefanya nini?

Dezire hakubishana. Alichomoa mashini, akachomoa pasi, akazima hata compteur yake. "Shefu, angalia sasa ya jirani."

Tukaangalia. Inashuka.

"Eh, Baba Neema," mama mumoja akasema, "mashini ya fundi inakula courant hata kama imelala?" Bakacheka.

Nikachanganyikiwa kabisa. Ningenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini Dezire, juu ni muntu wa kweli, aliweka mukono kwa ukuta wa katikati akasema, "Shefu, hapa kuko moto." Nikaruka. "Mumesikia! Waya iko ndani ya ukuta!" Nikakimbia upande wetu, batu nyuma yangu, nikafuata ule ukuta mpaka mulango uliofungwa, na kwa zile kelele na ile hasira sikufikiri ni mulango gani. Nikaupiga na ngumi.

"Mwizi atoke!"

Mulango ukafunguka. Akatoka mama mukwe, mwiko mukononi.

Nyuma yake, karibu na ukuta, resho yetu ya umeme, jiko la zamani (nilidhani Furaha aliuzisha!) ilikuwa nyekundu, sufuria ya maharagi inachemka juu yake. Nikageuza uso kwa ukuta, mikono kichwani, na avenue nzima ikabaki na mugongo wangu.

"Mwizi ni mi?" akauliza.

Akaonyesha resho na mwiko.

"Mutoto wangu alilia makala imepanda. Nikakuta hii kitu chini ya kitanda. Haina moshi, haina majivu, hakuna gunia inayopunguka. Nikasema, basi makala ya mukwe wangu idumu."

Alikuwa anabana, kama mi. Sasa kosa ni la nani? La mama, aliyetoka penye hakuna umeme? Au langu, niliyemutolea ampule bila kumuelezea kitu? Nimeligeuza geuza, linarudi kwangu.

Shefu alicheka mpaka akaketi chini. Dezire hakucheka. "Baba Neema, mi nilikimbia kwetu na mashini kichwani. Ungenikimbiza tena, juu ya maharagi?"

Nilimuomba musamaha mbele ya bale bale batu. Mama nilimuomba nikiwa nje, kwa mudomo wa Furaha, na kuku yetu moja juu ya hayo. Kuku aliipokea, mulango akaufunga. Sitapeleka tena jina la muntu kwa shefu kabla ya kufungua milango yote ya kwangu, na ule nisioweza kufungua, nitaomba nifunguliwe.

Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na yale maharagi. Sahani ya kwanza mama aliibeba mwenyewe, na magoti yake vile, akamupelekea fundi. Yangu ilikuja ya mwisho, maharagi nusu mabichi aliyoniwekea mi peke yangu. Nikatafuna polepole.