Anayeitikia Hodi Nyololo

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Mlandege, Iringa, nilipoitikiwa hodi na mtu ambaye sikujua kwamba yupo. Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo ingawa sijaota mvi hata moja. Katika kazi yetu aliyetangulia kuingia ndiye mzee, na ombi lako la jana limenifanya nijione mzee kweli.

Nilikuwa nimetoka chuoni, imani yangu kubwa kuliko akili. Niliamini, na bado naamini, kwamba programu huria ni kama kisima cha kijiji: kila anayechota ana wajibu wa kukisafisha. Nikaichagua konsoli yetu hii ya wavuti, ukurasa unaomwezesha mtu kukaa na kivinjari chake hapa akaiamuru kompyuta iliyo mbali kana kwamba iko mezani pake. Nikashusha nakala ya msimbo, maandishi yanayoiendesha, nikausoma mwongozo wa wageni upesi upesi, kama watu wanavyosikiliza tangazo la msiba wa wasiowajua, kisha nikaiwasha.

Kama ulivyoona mwenyewe, konsoli isiyopewa anwani ya mashine yoyote huitafuta mashine ya mazoezi, iliyowekwa kwa ajili ya wanaoanza. Kwenye skrini likatokea neno moja la Kiswahili, ilhali msimbo wote uliobaki umeandikwa kwa Kiingereza: Hodi. Kikapita kimya. Hodi ya pili. Kimya. Hodi ya tatu. Nikamimina chai, nikatia sukari, nikakoroga. Ndipo jibu likaja: Karibu.

Siku zilizofuata niliuchunguza ule ukimya. Mashine huchelewa, hilo tunalijua, lakini huchelewa kimashine. Huu ulikuwa na tabia nyingine. Mvua ikinyesha, ulirefuka. Baridi ikizidi, ulirefuka zaidi. Jumapili asubuhi hodi zangu hazikuitikiwa kabisa mpaka saa za watu kutoka kanisani. Nikacheka peke yangu, nikijiuliza tangu lini mashine ikaenda ibadani. Tena kuna mara chache, chache sana, ambapo jibu lilitoka papo hapo, kabla hodi ya pili haijatokea, kana kwamba mwenye kujibu alikuwa amesimama nyuma ya mlango akiningoja.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikuungoja mshindo. Mwongozo ulieleza wazi kwamba kabla ya kuondoa usichokielewa umuulize mtunzaji wa sehemu hiyo. Nami niliona kuuliza ni kujishusha. Nikazifuta hodi zote pamoja na anwani ya mashine ile. Majaribio ya kukagua msimbo yakapita yote. Nikatuma ombi la badiliko, nikieleza kwa fahari kwamba nimeondoa msimbo mfu.

Mtunzaji wa sehemu ile alikuwa Bi Zuhura, mhandisi wa Chimala, mzaliwa wa nyumba ya wauza mchele, mwanamke asiyetupa maneno. Hakukubali wala hakukataa. Aliandika hivi tu: "Binti, hiyo maiti uliiona? Jumamosi panda basi ushukie Nyololo. Mimi nitatokea huku."

Nilishuka Nyololo mchana, lakini ukungu ulikuwa umeimeza barabara. Malori yalisikika kabla ya kuonekana, na mengine yalisikika yakapita bila kuonekana kabisa. Bi Zuhura alikuwa akinisubiri kando ya genge la viazi, amejitanda kanga juu ya koti. Tukaingia njia ya mipaina, yeye mbele mimi nyuma, na kila alipotangulia hatua kadhaa alipotea, ikabaki sauti yake ikinisimulia.

Konsoli ile, alisema, aliianzisha na mwenzake aitwaye Festo, kijana wa hapo hapo Nyololo. Festo hakupenda jinsi watu wanavyojitoma ndani ya mashine za wenzao. Kwa hiyo mashine ya mazoezi aliiweka nyumbani kwa mama yake, akaifungia kengele, taa na kitufe. Mgeni akibisha, kengele inalia na taa inawaka. Mwenye nyumba akibonyeza kitufe, taa inazimika na mgeni anapata karibu yake. Alitaka kila anayeanza kazi hii ajifunze kwamba nyuma ya mashine kuna mtu. Kisha Festo akaugua, akafariki. Mashine ikabaki.

"Na anayebonyeza?" niliuliza.

Tulikuwa tumefika. Bi Zuhura alisimama mbele ya mlango wa mbao, akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Akabisha mara ya tatu. Moshi ulitoka juu ya paa, basi nikanyoosha mkono nikishike kitasa. Akanishika kifundo cha mkono.

"Tulia. Anakuja."

Hapo, mwanangu, nilishusha mkono. Niliutambua ule ukimya. Ndio uleule wa kumimina chai, kutia sukari na kukoroga. Ndani yake sasa nilisikia fimbo ikigonga sakafu, taratibu, ikisogea.

"Karibuni. Kamwene," akasema Mama Festo akifungua mlango, akitusalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mama," tukaitikia.

Alitukalisha jikoni, penye moto. Hatujamaliza chai, kengele ikalia chumba cha pili. Mama akaweka kikombe chini, akajikokota, akabonyeza, akasema karibu kwa sauti kama mtu anayesikiwa, akarudi.

"Leo wastaarabu," alisema akikaa. "Kuna mmoja juzi juzi alibisha asubuhi nzima kama mgambo. Nikasema huyu hakulelewa."

"Ndiye huyu hapa," Bi Zuhura alisema.

Mama akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Ala, kumbe ni katoto. Kunywa chai, we. Nilidhani ni jibaba." Kisha akatulia. "Kengele ikilia najua kazi ya mwanangu ingali inafanyika. Siku isipolia, nyumba hii inakuwa kubwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Kengele ikalia tena. Kupitia mlango ulio wazi niliiona taa ikiwaka. Mama akashika fimbo, akainuka nusu. Taa ikazimika. Hapakuwa na mtu chumbani. Mama akakaa tena bila kushangaa, akachochea moto.

"Huwa inatokea," alisema.

"Nani kajibu, mama?"

"Mimi nitajuaje? Nyumba hii ni yake pia."

Tuliporudi barabarani Bi Zuhura alisema jambo moja tu, macho yake yakiwa kwenye ukungu. "Nimeusoma msimbo wote wa mashine ile, mstari kwa mstari. Hakuna mstari unaofanya vile." Basi lake likatokea, akapanda.

Niliondoa ombi langu. Mchango wangu wa kwanza uliopokelewa ni yale maneno unayoyaona kila ukibisha: "Subiri, mwenye nyumba anakuja."

Sasa nawe unaniomba tufute hodi ya pili na ya tatu. Umeandika kwamba hazina kazi, kwa sababu jibu huja papo hapo kila siku. Mwanangu, Mama Festo yuko Mbeya kwa binti yake tangu baridi ilipoanza. Nyumba niliifunga mimi mwenyewe, na ufunguo uko hapa mezani ninapokuandikia.

Sina elimu ya kukufafanulia hilo. Nina nasaha tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda hakukuuliza wewe kama ungeelewa. Anza na kazi ndogo: sahihisha neno lililokosewa, andika jaribio lililokosekana, soma mpaka ujue nani alipita kabla yako. Usichokielewa usikiite kifu. Muulize mtunzaji, na akichelewa kukujibu, mngoje, huenda anatembea kwa fimbo. Kuuliza hakutakushusha. Mimi kutokuuliza kulikaribia kuinyamazisha nyumba ya mama wa watu.

Mwenyezi Mungu akupe mikono myepesi na moyo mzito wa kufuta. Akufungulie milango utakayoibisha kwa adabu, nawe usikose wa kukuitikia. Na kesho ukipata karibu yako, hata ikija papo hapo, usiingie kimya. Sema asante.