Kizibo Alivyobisha Hodi

Kuna kazi ambazo mtu akizieleza kwao huonekana mwongo, na ya Kizibo ilikuwa mojawapo. Alikuwa mzamiaji wa kina kirefu. Si wale wanaoingia majini asubuhi wakala chakula cha mchana nchi kavu. Yeye na wenzake walifungiwa katika chumba cha chuma juu ya meli, chumba cha mviringo kama tangi la mafuta, kikasukumiwa hewa mpaka shinikizo lake likalingana na la maji ya chini kabisa. Humo walikaa karibu mwezi, wakila humo, wakilala humo, wakinuniana humo. Zamu ikifika walitambaa kupitia tundu wakaingia kwenye kengele ya chuma, yaani kijumba cha kushukia majini, kengele ikateremshwa hadi sakafu ya bahari, na huko wakachomelea mabomba gizani huku maji ya moto yakizungushwa ndani ya nguo zao wasigande. Zamu ikiisha walirudishwa tangini.

Mama yake alipoelezwa mara ya kwanza alisema, "Kwa hiyo umesoma kote huko ili ukafungwe?"

Jina la Kizibo alilipata kabla ya hapo, enzi za kusugua matumbo ya meli bandarini. Siku moja mashua yao ilitoboka, na yeye, kwa kuwa alikuwa mfupi mnene, akalikalia tundu mpaka wakafika nchi kavu. Jina likamganda. Mama pekee ndiye hakulitumia. Kwake alikuwa kitindamimba, hata alipoanza kuota mvi.

Hewa ya tangini si hii tunayovuta mimi na wewe. Ni heliamu, gesi ya kujazia maputo ya sherehe, ikiwa na oksijeni kidogo tu. Anayeivuta, sauti yake hupanda ikawa ya bata aliyekanyagwa. Mchomeleaji, mwenzake Kizibo wa miaka mingi, nje alikuwa na sauti ya kutisha watoto. Humo ndani alikuwa kifaranga. Siku ya kwanza ya kila safari walichekana mpaka mbavu zikauma. Ya pili masikio yalikwisha kuzoea.

Halafu kuna habari ya saa. Humo ndani hamna jua wala jogoo, na taa ni zile zile, kwa hiyo kila mtu aliipenda saa yake kuliko alivyompenda aliyelala kitanda cha juu yake. Lakini heliamu ni gesi ndogo isiyojua kufungiwa mlango. Hupenya ndani ya saa hata iliyobanwa barabara, polepole, siku baada ya siku. Saa za wenzake, nene kama vifuniko vya sufuria, zilikuwa na tundu maalumu la kuitoa wakati hewa ya tangini ikipunguzwa. Ya Kizibo ilikuwa ya marehemu baba yake, mlinzi wa ghala, na tundu haikuwa nalo. Mama ndiye aliyemvisha mkononi siku alipohitimu uzamiaji. Basi kila safari, kabla hewa haijaanza kupunguzwa, Kizibo alikilegeza kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo ili saa ipumue. Hakuwahi kusahau. Alimcheka hata mwenzake mmoja aliyewahi kusahau kulifungua tundu la saa yake.

Safari hii alisahau, maana siku ile dada yake alipiga simu melini.

"Mama hali si nzuri," dada alisema. "Daktari kasema tumrudishe nyumbani, hana la kumfanyia tena. Anakuulizia wewe tu. Njoo."

Njoo. Neno dogo hilo. Msimamizi wa kazi hakuwa mtu mbaya. Alisimamisha zamu yao na kuamuru Kizibo na mchomeleaji waanze kupandishwa, yaani kupunguziwa hewa ya tangini polepole, siku hiyo hiyo. Lakini kupandishwa si kupanda ngazi. Gesi iliyokwisha kuingia mwilini kwa shinikizo hutoka kwa muda wake yenyewe, na ukiiharakisha inafoka ndani ya damu kama soda iliyotikiswa. Karibu wiki nzima ya kukaa kitako na kungoja, huku meli ikiwa imetulia na nchi kavu ikionekana kwa macho, kwa walio nje. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kufungiwa humo.

Siku ya kwanza Kizibo alijikaza. Ya pili alianza kumbembeleza fundi wa gesi, kijana mpole aliyekaa nje mbele ya mageji na kuzungumza nao kwa kipaza sauti.

"Fundi, niongezee mwendo kidogo."

"Kaka, mwendo si wangu."

"Kidogo tu. Nipunguzie nusu siku."

"Na ukinifia humo, huyo mama nitamwambia nini?"

"Mwambie nilikuwa nakuja."

Kizibo aliinuka akaenda kwenye mlango, ule mlango mzito wa duara, akaushika kwa mikono miwili na kuuvuta. Alijua fika kwamba haufunguki. Ulikuwa umeshikiliwa na hewa yenyewe, na hewa ile ingeshinda mafahali kumi. Akauvuta hivyo hivyo, jasho likimtoka, akaupiga bega, akaupiga teke, akatukana kwa ile sauti ya bata mpaka mtu asiyemjua angecheka. Mchomeleaji alimkumbatia kwa nyuma na kumng'ang'ania.

"Tulia ndugu yangu. Tulia basi."

Ndipo ikasikika tak! Kitu kidogo kikaruka kutoka mkononi mwa Kizibo, kikagonga dari na kuanguka juu ya blanketi. Wote wawili wakakitazama. Kilikuwa kioo cha saa. Gesi iliyofungiwa ndani ya saa, ilipoona hewa ya nje imelegea, ilikisukuma kioo na kukitupa nje.

"Nini hicho?" fundi aliuliza.

"Saa yake," mchomeleaji akasema. "Imetema kioo."

Fundi akasogea kwenye kidirisha cha tangi. "Kaka, umejionea. Hiyo ni saa, tena ya chuma. Wewe ni nyama."

Kizibo aliketi sakafuni. Mishale ya saa ilikuwa ingali inatembea, wazi kabisa, kiasi kwamba angeweza kuigusa kwa kidole. Alilia, na kilio chake nacho kilikuwa cha bata, na hilo lilimuuma zaidi ya lolote.

Siku ya tatu waliunganisha simu hadi kando ya kitanda cha mama. Ipo mashine ya kunyoosha sauti za wazamiaji, na kwa amri za kazi inatosha, kwa kuwa amri za kazi ni maneno yale yale kila siku. Mtu anayetaka kuagana na mama yake inamnyoosha mpaka anasikika kama bati linaloburutwa. Wakaizima. Wakaona afadhali bata.

"Mama," dada alisema kule nyumbani, "sema naye, huyu hapa."

"Nani?" Sauti ya mama ilikuwa imekonda.

"Ni mimi mama. Kitindamimba wako."

Mama akasema, si kwa hasira, kwa uchovu, "Mwambie huyo mtu aache mzaha. Mimi naumwa. Mwanangu ana sauti ya baba yake."

"Mama, ni mimi kweli. Ni hii hewa ya huku, inaharibu..."

"Mwondoe, binti yangu. Mwondoe."

Kizibo alijaribu kuishusha sauti. Aliitafuta tumboni, akaikamua kooni, akainamisha kidevu hadi kifuani. Ikatoka bata mnene badala ya bata mwembamba. Dada akasema, "Ngoja apumzike kwanza, mdogo wangu," na simu ikakatwa.

Walijaribu tena kesho yake asubuhi na ikawa vile vile, ila safari hii mama hakumfukuza. Alimwambia tu dada, kama vile Kizibo hasikii, "Mdogo wenu amenisahau. Niliwaambia bahari itamchukua. Kumbe imemchukua moyo."

Kuna maneno mtu akiyasikia anayatapika na kuna mengine anayameza yakakaa. Haya Kizibo aliyameza. Akajilaza akiutazama ukuta, hali wala hanywi. Mchomeleaji alimsemesha habari za mpira, za mkewe, hata za yule mpishi wa meli aliyedhani wazamiaji hawana meno, na hakuna kilichoingia. Saa isiyo na kioo ilikuwa imelazwa juu ya mto. Fundi alipoona kwenye kamera jinsi alivyolala alijuta maneno yake ya saa na nyama, lakini hakuna njia ya kumpa mtu mkono kupitia ukuta wa chuma.

Mchana huo ukafika wakati wa chakula. Chakula huingizwa tangini kwa kijitundu chenye milango miwili, na kabla ya kukifungua, aliye nje hugonga chuma ili walio ndani wajitayarishe. Mpishi akagonga: ngo, ngo.

Kizibo akaketi.

Nyumba waliyokulia ilikuwa ghorofani, na bomba la maji lilikuwa chini uani. Kuteka maji ilikuwa kazi ya kitindamimba, kila siku atokapo shule, ndoo mbili, mkono huu na mkono huu. Mlango ulifungwa kwa ndani kwa sababu watoto wa mtaani walikuwa wakigonga na kukimbia, na mama alikwisha kuapa kwamba hatainuka kwenye cherehani yake kwa ajili ya wahuni. Basi Kizibo, mikono ikiwa imebanwa na ndoo, alibisha kwa ncha ya kiatu. Mara mbili za haraka. Halafu alisita, kwa sababu ndoo zilitaka kumpindua na ilibidi asimame sawasawa kwanza. Halafu moja, nzito. Hakuna mhuni aliyeweza kuiiga, maana kusita kule kulitokana na maji. Na cherehani ilikuwa ikinyamaza, na mama akimwambia dada maneno yale yale.

"Fundi!" Kizibo aliita. "Niunganishie nyumbani."

"Tumekubaliana jioni, kaka."

"Niunganishie sasa hivi. Nakuomba kama ndugu."

Fundi akaunganisha. Dada alipokea akinong'ona. Mama hajasema kitu tangu asubuhi, alisema, macho kayafumba, miguu imekuwa baridi.

"Mwekee simu sikioni," Kizibo alisema tu.

Aliishika saa ya baba yake kwa mkanda, mgongo wa chuma ukiwa mbele, akasogea ukutani penye kipaza sauti. Akagonga. Mbili za haraka. Akasita, akihisi kabisa uzito wa ndoo mabegani. Moja.

Hakuna kitu. Mashine za meli zilinguruma. Mchomeleaji aliacha kutafuna.

Akagonga tena. Mbili. Akasita. Moja.

Kutoka mbali kule, ile sauti iliyokonda ikasema, wazi kabisa, "Mfungulie huyo. Mikono yake imejaa."

Dada alianza kulia. "Mama..."

"Mfungulie, nimesema. Atamwaga maji."

Dada alipita chumba, na Kizibo alizisikia bawaba za mlango ule, zilizokuwa zikilia hivyo tangu yeye mtoto na hakuna aliyewahi kuzitia mafuta. Mlango ulifunguliwa kwenye ngazi tupu. Mama hakuuliza mbona hakuna mtu. Labda alimwona. Au alidhani bado yuko chini, anavuta pumzi kwenye kile kipembe cha ngazi alichokuwa akipumzikia.

"Tua, mwanangu," mama alisema. "Tua, umechoka."

Kizibo aliuweka mdomo wake karibu na kipaza sauti na hakuthubutu kusema. Alijua kwamba akiufungua atatoka bata, na kila kitu kitaharibika. Akagonga tu kwa saa, mara moja, polepole, kama ndoo inayowekwa sakafuni. Akasikia mama akishusha pumzi.

Alifariki jioni ile ile, kabla taa za mtaa hazijawashwa, uso ameuelekeza mlangoni. Dada hakuufunga mlango mpaka majirani walipokuja. Walimzika kesho yake. Jua lilikuwa kali, na Kizibo alikuwa bado na siku mbili za kungoja. Fundi wa gesi alimweleza habari hizo mwenyewe, akavua kofia mbele ya kidirisha ili Kizibo aone.

Siku ilipotimia, hewa ya ndani ikawa sawa na ya nje, na ule mlango wa duara ambao Kizibo alikuwa ameupiga bega na teke ukafunguliwa na fundi kwa mkono mmoja. Upepo wa kawaida ukaingia, wenye harufu ya rangi na dizeli. Mchomeleaji akatoka, akakohoa, akasema neno la kwanza kwa sauti yake nzito.

Kizibo alibaki ameketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Toka, kaka," fundi alisema kwa upole. "Mlango uko wazi."

"Nimeona," Kizibo akajibu. Sauti ilikuwa ya baba yake, ile ile. Akaisikia mwenyewe, akainama, akafunika uso.

Wakamwacha. Baadaye sana alitoka, mikono mitupu, akasimama pale nje bila kujua aelekee wapi.