Nusu ya Riwaya Iliyobaki Njombe

Niliondoka Makambako kwa sababu shangazi yangu alikuwa hali chakula. Tangu amzike mumewe alikuwa akinywa uji tu, na ndugu walishaanza kunong'ona kwamba anamfuata. Aliniita kwa jambo moja: nikammalizie riwaya.

Saa mbili asubuhi nilipanda basi kukiwa na jua. Tulipoikaribia Njombe ukungu ulishuka, na mashamba ya miti yakapotea. Mimi si mwoga, lakini nilifunga dirisha.

Saa nne nilikuwa nyumbani kwake, katika mtaa wa Ramadhani. "Kamwene, mwanangu," Shangazi alinisalimu kwa Kibena, amekonda hata nikaogopa kumkumbatia. Alinipa kigoda, maana kiti cha mumewe kando ya jiko la mkaa hakuruhusu kikaliwe. Macho yake hayaoni tena herufi. Miaka yote mzee wake alimsomea, wala hakusoma ukurasa bila yeye. Kifo kiliwakuta katikati ya kitabu. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimeshikana tangu zilipochapwa. Nilizitenganisha kwa kisu cha jikoni.

Nikasoma. Ilikuwa hadithi ya mpishi wa harusi anayegombana na sufuria, maneno yakifukuzana kwa vina, matusi matamu hata unatamani utukanwe wewe. Niliona raha kweli. Kisha nikatambua kwamba Shangazi anacheka kabla sijafika penye kichekesho. Kila mara alitangulia kidogo, akikitazama kile kiti.

"Shangazi, mliwahi kufika huku?"

"Hatukuwahi. Ila mzee anasoma haraka kuliko wewe."

Niliendelea kusoma. Ulipobaki ukurasa mmoja, alinishika mkono. "Huo uache. Kitabu kikiisha, atakaa hapa kwa sababu gani?" Akatoka uani kuepua viazi.

Hamu ni mbaya. Niliusoma kimoyomoyo, midomo nimeifunga. Kule uani Shangazi akacheka, kicheko kirefu, halafu akalia.

Aliporudi nilimwomba radhi. "Ameshakwenda," alisema. Akaketi kwenye kile kiti, akamenya kiazi cha moto, akala.

Saa tisa nilirudi Makambako. Nilikuwa nikiviita vitabu vya kuchekesha vya kupotezea muda. Sasa najua vinaweza kumshikilia mtu. Sijui kama nilimponya Shangazi au nilimfukuza mzee. Labda vyote viwili. Viazi alikula vinne.