Taa Iliyokataa Kupepesa

Juzi pale Nzuguni nilimkuta dereva wa pikapu kuukuu akigonga dashibodi kwa ngumi. Indiketa yake iliwaka tu, haikupepesa. Mimi si msemaji mbele za watu, lakini nikajikuta nimemwambia aangalie globu ya nyuma. Kweli, ilikuwa imeungua. Akaniuliza nilisomea wapi ufundi. Nikacheka. Mwalimu wangu alikuwa bibi, na darasa letu boti lililolazwa kwenye mchanga kando ya bwawa la Hombolo.

Enzi hizo magari ya mitumba yalianza kuingia kwa wingi, na spea zake zikawa zinauzwa Chang'ombe. Baba alivua kwa kandili. Lakini ukiwa majini, kandili huitofautishi na taa za nyumba za ng'ambo. Ndiyo maana boti la jirani lilimparamia jioni moja, akarudi nyumbani akiogelea. Kesho yake, boti lilipokokotwa hadi mchangani, bibi aliingia ndani yake, akaweka kasia mapajani, akasema haliendi popote mpaka liwe na taa ya kupepesa kama ya gari. Alishinda humo na karanga zake. Sisi tukawa tunakula ugali wa uwele kwa mlenda, perege tukiwaota tu.

Basi baba akaleta flasha ya indiketa, kile kidude kinachoifanya taa ipepese, globu moja na betri ya gari, akaviunga kwa waya. Taa ikawaka, ikatulia tuli. Akakwangua kutu, akabadilisha waya, akaipiga vikofi. Wapi. Bibi akasema betri ina baridi, ianikwe juani kama tunavyoanika za redio. Baba alijua betri ya gari haianikwi, lakini angembishia vipi mama yake? Ikashinda juani, mimi nikiifukuzia kuku. Jioni taa ikawaka vilevile, imekodoa.

"Na anayekuja kwa nyuma ataionaje?" bibi akauliza. "Boti lako lina mdomo tu, halina mkia?"

Baba alikuwa amechoka. Akaunga globu ya pili huko nyuma, kumridhisha tu. Tik, tik, tik. Zote mbili zikaanza kupepesa.

"Si nilisema ilikuwa na baridi," bibi akasema, akashuka na karanga zake.

Fundi redio, jirani yetu, alikuja kutueleza kwamba flasha hupepesa ikipata joto, na globu moja haitoshi kuipasha. Bibi alimsikiliza kwa adabu, kisha akaendelea kulisifu jua.

Tangu hapo kila jioni tulikaa ukingoni tukizitazama zile taa za baba zikipepesa majini. Zikianza kusogea kwetu, bibi aliinjika sufuria ya ugali, moshi wa kuni ukatutoa machozi.

Bibi hayupo tena, na boti liliishia kuwa kuni. Lakini juzi, pikapu ilipowekewa globu mpya ikaondoka ikipepesa hadi kwenye kona, nilisimama pale barabarani nikasikia njaa.