Siku niliyokimbia bomba ya pikipiki yangu

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja. Asubuhi manyunyu, kisha ukungu ukakaa juu ya kijiji chetu, Kirolirwe, mpaka saa nane, muntu hakuona hata ng'ombe za jirani yake.

Naandika hii leo leo, mbele sijaanza kuipunguza, maana najijua, kesho nitaanza kujisamehe na kesho kutwa nitakuwa nasema ni watu wengine walioanza. Hapana. Leo nimekimbiza mulima muzima, na mimi mwenyewe nimekimbia nao, na kitu tulichokimbia kilikuwa pikipiki yangu.

Kwa wasionijua: mimi nabeba maziwa. Kila asubuhi nakusanya bidoni, madumu ya maziwa, kwa wafugaji wa hapa na kuzishusha Sake, na bomba ya moshi ya pikipiki ilikuwa imetoboka kwa kutu, inanichoma mguu na kutapika moshi juu ya bidoni za watu. Juma iliyopita njo nilinunua ingine kwa Papa Kasereka, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka ya vyuma vya pikipiki kule Sake. Haikuwa kama ile iliyokuja na pikipiki. Ilikuwa fupi, inang'aa, mudomo mupana, ile vijana wa taksi wanapenda kwa sababu inaunguruma. Nilijiambia inafaa, watu watanisikia kwenye kona wakati wa ukungu. Ni kweli inafaa. Lakini kwa haki niandike pia kwamba nilitaka kupita mbele ya kanisa na watu wageuke.

Papa Kasereka asisingiziwe. Aliniambia vizuri: "Kaka, usiifunge wewe mwenyewe. Iko na kiduara cha shaba kinaingia kati ya bomba na mashini, ile ya zamani haitafaa. Kuja nayo siku ya kwanza, Jumatatu, fundi wangu ataifunga na kupima karburateri." Nikamujibu "Sawa, patro," kwa sauti ya muntu ambaye amekwisha kuamua kuifunga kwake. (Nilisoma ufundi mwaka moja na nusu, nikaacha, na huo mwaka na nusu unaniletea shida kuliko kama singesoma kabisa.)

Hapa niandike jambo la muke wangu, Mama Riziki, bila hilo hamutaelewa. Tulirudi hapa wakati wa kupanda maharagi, tukitoka kambi ya waliokimbia vita, ambako tulikaa muda ambao sipendi kuhesabu. Siku ya kurudi, mbele ya kufungua mulango wa nyumba, alisimama na mutoto mugongoni akaniambia: "Papa Riziki, narudi kwa sababu yako. Lakini tukikimbia tena mara moja tu, mimi nashuka Shasha, kando ya ziwa, kwa dada yangu, na sipandi tena huku. Wewe utabaki na ng'ombe za batu." Hakusema kwa hasira. Mama Riziki akisema kwa hasira kuna nafasi ya kuongea. Akisema polepole, imekwisha. Tangu siku ile niliishi kama muntu anayebeba bidoni bila kifuniko.

Sasa, leo. Ukungu ulipoondoka kidogo nikaanza kazi mbele ya nyumba. Kufungua bomba ya zamani ilinichukua muda, buloni moja ya kuifunga ikakatikia ndani na nikajifanya sikuiona. Kile kiduara cha shaba sikuwa nacho, kwa hiyo nilichukua cha zamani, kimepondeka, nikakizungushia kipande cha bati ya kopo ya nyanya. Kikakaa. Tuseme kikakaa. Papa Bahati, jirani yangu ambaye ng'ombe zake njo zinanipa maziwa mengi kuliko za wengine, akapita na fimbo, akasimama, akainama kuangalia.

"Papa Riziki, hii kitu inafunga?"

"Inafunga, muzee."

"Mbona naona mwangaza?"

"Itajifunga ikipata moto."

Akasema "Aya," na hiyo "aya" yake ilikuwa ndefu, akaendelea na njia yake.

Nikapiga kiki, ikawaka, ikaunguruma vizuri kabisa, na Mama Riziki akatoa kichwa jikoni akauliza kama hiyo njo sauti yake ya siku zote. Nikamuambia itatulia ikipata moto (leo kila kitu kilikuwa kinangojea moto). Ilitaka kuzimika, nikakaza kaskurubu ka karburateri ili izunguke yenyewe, nikaiacha pale inawaka, nikachukua bomba ya zamani na kuzunguka nyuma ya nyumba, kwenye pipa ya maji, ninawe mikono. Njo ikaanza.

Wanaojua mashini watasema ni hewa iliingia pale palipobaki wazi, ikakutana na mafuta ya esansi ambayo hayajaungua. Mimi nilisikia paa. Kisha paa-paa. Kisha tatu mufululizo, na mulima wa ng'ambo ukazirudisha zikawa sita. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani, pale chini, wimbo ukakatika katikati ya neno, na muntu akalia: "Benye bunduki bamefika, banapiga masasi."

Mutaniuliza: wewe si ulijua umeacha mashini inawaka? Nilijua. Kichwa kilijua. Lakini miguu haikuuliza kichwa, miguu ilisikia watu wanakimbia na yenyewe ikaenda, nikaruka uzio wa lupango ya Papa Bahati, nikapita malisho, nikapita kwaya, wanawake kwa wanaume, na sikusimama mpaka juu kwenye mikaratusi. Pale njo niligeuka. Mama Riziki alikuwa anapanda nyuma kabisa, Riziki anamushika mukono, mudogo mugongoni, blanketi kichwani, mguu moja bila kiatu. Aliponifikia hakuangalia uso wangu. Aliangalia chini ya kwapa. Nilikuwa bado nimebeba bomba ya zamani, ile ya kutu, ile imetoboka. Watu wote waliokimbia leo walibeba mutoto, ao mbuzi, ao godoro. Mimi niliokoa hiyo.

"Umeokoa bomba," akasema.

Nikaihamisha kwapa ingine. 

Tukakaa chini ya miti. Wengine walitaka tushuke upande wa pili, tutafute barabara ya ziwa mbele giza haijaingia. Kule chini ilikuwa inaendelea: paa, kimya, paa-paa. Na ilikuwa hapo, nimekaa, nahema, kichwa changu kikaifikia miguu yangu, nikajua. Sehemu hii nataka kuiandika bila kujisaidia. Nilijua, na nikanyamaza. Sijui ni dakika ngapi. Ningependa kuandika tano. Kwa haki niweke kumi. Nilijiambia esansi itaisha, mashini itazimika, tutarudi, na watu watasema ni askari walikuwa wanapita. Mama moja wa kwaya alikuwa anafunga kitambaa chake na kukifungua, anafunga na kukifungua. Nilimuona. Nikanyamaza.

Kisha Mama Riziki akasimama, akakaza mutoto mugongoni.

"Mimi nashuka Shasha," akasema. Polepole. "Usinisindikize."

"Ni pikipiki," nikasema.

"Nini?"

"Haiko masasi. Ni pikipiki yangu. Niliifunga vibaya na nikaiacha inawaka."

Papa Bahati, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha sikio upande wa bonde, akatikisa kichwa. "Na mimi nilikuwa najiuliza. Masasi haikohoi." Watu wawili watatu wakacheka, cheko lile la muntu aliyeponea. Lakini Emmanuel, anayeongoza kwaya, hakucheka. Alinisogelea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Papa Riziki, mama yangu iko mugonjwa ku kitanda. Nilimuacha. Nilipita mbele ya mulango na sikuingia. Sasa nitamuangalia namna gani?"

Kama angenipiga ningefurahi. Mpaka hapo nilifikiri aibu ilikuwa yangu peke yangu, kumbe niliigawa kwa kila muntu aliyekuwa pale juu. Kila moja wao ameonyeshwa, bila kuomba, kitu ambacho mikono yake inaacha.

Tulishuka pamoja. Pikipiki ilikuwa bado inakohoa, nikachomoa waya ya buji inayowasha mashini, ikanyamaza. Nikatafuta ndama mbili za Papa Bahati zilizokimbia kwa ule mushindo mpaka saa kumi na moja, matope kufika magotini. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nikisema maneno yale yale, na wengine walinipa kiti na wengine hawakunipa, na wote wana haki. Kwa Emmanuel nilikuta yeye amekaa kando ya kitanda. Mama yake njo alinijibu, amelala, anaangalia bati ya paa: "Mimi nilijua ni ile pikipiki ya maziwa. Hakuna aliyeniuliza." Emmanuel akacheka mpaka akafunika uso, na sikujua kama ilikuwa bado cheko.

Nyumbani Mama Riziki alikuwa anamenya viazi mulangoni. Nikasimama.

"Kwa sababu ya bomba tu siendi Shasha," akasema. "Batanicheka mpaka mu ziwa. Lakini nakuambia mbele ya hawa batoto: siku ingine ukisikia kitu, geuka kwanza utuangalie. Ukikuta ni kweli, geuka. Ukikuta ni mashini, geuka."

"Nitageuka."

"Miguu yako haina masikio, Papa Riziki."

"Nitaifundisha."

Akarudi kwenye viazi vyake. Siku ya kwanza nasukuma pikipiki mpaka kwa fundi wa Papa Kasereka, kwa mukono, na nitamueleza yote, hata kopo ya nyanya. Hiyo iko rahisi. Ya kugeuka njo sijui. Naapa hapa kwa maandishi kwa sababu kwa mudomo nilikwisha kuapa mambo mengi, na kwa haki, sijui kama muntu anaweza kuapa kwa niaba ya miguu.

Jioni tulikula viazi na mboga ya lengalenga, na maziwa ya kuganda kidogo. Mama Riziki alinipakulia wa mwisho, lakini alinipakulia.