Matairi ya Gari la Hajji

Kila Jumamosi asubuhi Njuki aliosha gari ambalo halikuwa limekwenda popote. Alilitoa bandani kwa kurudi nyuma, akalisimamisha katikati ya ua, akalimwagia maji na kulifuta kwa shuka kuukuu. Kisha alichutama mbele ya kila gurudumu na kopo la dizeli iliyochanganywa na masizi, akapaka matairi kwa brashi, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Yalipong'aa aliyatazama kwa muda. Halafu alilirudisha gari bandani, akafunga, na siku ikabaki ndefu mbele yake.

Nyumba ilikuwa Kinoru, mjini Meru. Mwenyewe, Hajji Abdiweli, alikuwa msafirishaji wa miraa, na pikapu zake zilijulikana kutoka Kangeta hadi Nairobi kwa kukimbia kama zimeiba. Lakini gari hili alikuwa amejinunulia mwenyewe, Dubai, mwaka 1993: kubwa, refu, la kijani kilichokolea, injini ya silinda nane, na rimu za aluminiamu za inchi kumi na saba. Siku lilipofika, watoto wa mtaa walisimama langoni kama wanaotazama harusi. Hajji alilitumia miezi saba tu. Januari iliyofuata mwanawe mdogo alipelekwa Uingereza kwa matibabu ya moyo, na familia nzima ikamfuata.

"Tutarudi sikukuu ikipita," Hajji alimwambia Njuki langoni. Hakusema sikukuu ipi.

Njuki alikuwa mtu wa Kibugu, upande wa Embu, kule juu ambako mashamba ya chai yanagusana na msitu wa mlima. Alikuja Meru mwaka 1976 akiwa dereva wa serikali, na baada ya miaka saba akachukuliwa na Hajji. Mkewe Peninah alibaki Kibugu na watoto watatu na majani ya chai ya kuchuma. Zamani Njuki alikwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Familia ya Hajji ilipoondoka, akawa anakwenda Krismasi tu, na baadaye hata Krismasi ikampita. Peninah alimwandikia kuuliza sababu. Alijibu kwamba hana wa kumwachia gari. Peninah hakuuliza tena.

Alichokuwa akingoja hakukieleza mtu, lakini kilikuwa wazi kama moshi. Alingoja madirisha ya nyumba kubwa yafunguliwe. Alingoja harufu ya iliki jikoni, kelele za watoto kwa Kisomali na Kimeru, na sauti ya Hajji ikiita kutoka barazani, "Njuki, washa." Kwa miaka mitatu na nusu hakuna aliyemwita kwa sauti ya juu.

Katikati ya Septemba 1997, Bile, binamu ya Hajji aliyekuwa na duka karibu na msikiti, alimwita akampa barua. Ilikuwa fupi. Gari liwe tayari kwa barabara kufikia tarehe kumi na moja Oktoba. Bile atagharamia. Matairi yawe ya kuhimili mvua na kiangazi, kwa maana hata huko Uingereza redio inasema mwaka huu mvua itakuwa ya ajabu.

"Anarudi kabisa?" Njuki aliuliza.

Bile alipanga upya sabuni zilizokuwa zimepangika tayari. "Mimi nimepewa barua tu, Njuki."

Njuki alimwita Mithika, fundi wa matairi wa Makutano, aje atazame. Mithika alizunguka gari mara moja.

"Mzee wa Embu, hii kitu bado iko? Nilidhani ulishaigeuza kitanda."

"Tazama matairi, wacha maneno."

Mithika aliinama, akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukazama. Aliutoa, akaunusa.

"Unapakaga nini hapa?"

"Dizeli na masizi."

"Kila lini?"

"Jumamosi."

"Tangu waende?"

"Tangu waende."

Mithika hakucheka, na hapo ndipo Njuki alipoogopa, kwa sababu Mithika alikuwa mtu wa kucheka hata makaburini.

"Dizeli inakula mpira, mzee. Hizi hazikuisha kwa barabara. Zimeisha hapa hapa nyumbani."

Njuki alisema haiwezekani. Katika yadi ya serikali, kila Ijumaa, mkaguzi alipita mbele ya magari yote na kitu cha kwanza alichotazama ni tairi. Dereva ambaye matairi yake yalikuwa meupe kwa vumbi alihamishiwa lori la kokoto. Wote walipaka dizeli; ndivyo dereva mzuri alivyojulikana.

"Na tairi ilikaa muda gani kwa barabara za murram za siku hizo?"

"Miezi minane. Mwaka."

"Sasa mngejuaje?" Mithika alisema, kwa upole kuliko kawaida yake.

Jioni ile Njuki aliketi bandani kwenye kiti cha dereva bila kuwasha injini. Jumamosi mia moja na themanini na kitu. Alikuwa ameyaua matairi yale kwa mkono wake, kidogo kidogo, akidhani anayatunza. Lakini tarehe haikungoja majuto. Alikata kipande cha katoni, akanakili namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, akakitia katika mfuko wa shati.

Meru nzima haikuwa na saizi ile. Ilikuwa kubwa kwa pikapu, ndogo kwa lori. Alikwenda Kangeta, ambako madereva wa miraa hujua matairi kama wachungaji wanavyojua kwato. Walikipitisha kipande cha katoni mkono kwa mkono, taya zao zimejaa.

"Hii ni ya ndege," mmoja alisema.

"Kuna ya lori ya kumi na saba na nusu," mwingine akasema. "Nusu inchi ni nini? Gonga na nyundo, itaingia."

"Nusu inchi ni kaburi," Njuki alijibu, na wakacheka, kwa kuwa walijua ni kweli.

Aliyemsaidia ni Mwirigi, dereva aliyewahi kufanya kazi kwa Hajji. Alikumbuka gari la namna hiyo lililogonga ukingo wa kalivati barabarani karibu na Embu. "Mbele imekuwa chapati, lakini nasikia magurudumu yako salama. Liko kwa Teresia, yule mama wa vipuri karibu na stendi. Enda kabla hajauza. Na ukimpata usimwonyeshe kwamba umekauka koo."

Njuki alimwachia Mithika ufunguo wa lango, mara ya kwanza katika miaka hiyo yote, akaenda Embu asubuhi na mapema.

Teresia alikuwa mwanamke mnene mwenye koti la kiume. Matairi aliyahifadhi ndani ya chumba chenye giza, yamesimama, hayajalaliana. Njuki aliona jambo hilo akamheshimu.

"Unataka ya matope ama ya lami?"

"Yote mawili. Mvua na jua."

"Basi ndiyo haya. Soma hapa." Alipangusa ubavu wa tairi kwa kiganja. "M na S. Kwa Kiingereza, matope na theluji."

"Theluji ya wapi?"

"Ile ya pale." Alielekeza kwa kidevu upande wa mlima, uliokuwa umejificha mawinguni. "Ukipanda nayo, uniletee kidogo nitie kwa soda."

Njuki alicheka. Alishangaa kuisikia sauti yake ikicheka. Alipima kina cha kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyoshika barabara, kwa kijiti cha kiberiti, akabonyeza mpira kwa ukucha. Ukucha haukuzama. Alibonyeza tena, matairi yote manne, hadi Teresia akamwambia hanunui maparachichi.

Walipokuwa wakiyafunga kwa kamba, Teresia alimtazama. "Wewe unaongea kama mtu wa hapa juu."

"Kibugu."

"Kibugu ni hapo tu. Basi leo utalala kwako."

"Kuna lori la mchele linakwenda Meru saa tisa."

"Nyumbani hakuna watu?"

"Wako," Njuki alisema, akakaza fundo.

Alisafiri nyuma ya lori juu ya magunia, mkono mmoja umepita ndani ya tairi, kupitia Runyenjes na Chuka, na vumbi la mwisho la kiangazi likimjaa nyusi. Mithika alifunga matairi kwa vyuma vya mkono, akiweka vipande vya tyubu kuukuu kati ya chuma na rimu isikwaruzike. Tarehe kumi, mvua ya kwanza ilishuka. Njuki alilipeleka gari hadi Nkubu na kurudi, juu ya lami iliyolowa na njia ya pembeni ya matope. Halikuteleza. Aliporudi alifungua madirisha ya nyumba kubwa, akafagia, akachemsha maji.

Aliyeshuka kwenye teksi kesho yake ni Fosia peke yake, binti mkubwa wa Hajji. Alipoondoka alikuwa na miaka kumi na tano. Sasa alikuwa mrefu, na Kiswahili chake kilitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

"Mzee Njuki. Umekonda."

"Na wewe umekua, mama. Wengine wako nyuma?"

Fosia aliangalia gari kabla ya kumjibu. "Baba hatarudi. Yule mdogo yuko shule, daktari wake yuko kule. Mama amezoea." Alipitisha kidole juu ya boneti. "Gari limepata mtu, daktari mmoja wa Embu. Bile amepangisha nyumba kuanzia Novemba. Nilitaka nikuambie mimi mwenyewe, si kwa barua."

Njuki aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Aliuliza kama amekula.

Siku ya pili walikwenda Embu, yeye kwenye usukani, Fosia kando yake. Mvua ilipiga njia yote. Kwenye kona za mto Thuci, mahali ambapo magari mengine yalisimama na kuwasha taa, gari la Hajji lilipita limetulia, na Fosia akasinzia. Njuki aliendesha taratibu kuliko barabara ilivyomtaka. Alikuwa amelitayarisha vizuri mno. Hapakuwa na sababu ya kusimama popote.

Daktari alilizunguka gari, akapiga teke tairi moja kama watu wote wasiojua matairi, akasema, "Haya peke yake yamenitosha." Karatasi zikatiwa sahihi. Fosia alimpa Njuki mikono yote miwili, akamwambia kwamba baba yake humtaja mara nyingi anaposhindwa kusinzia garini, akilalamika kwamba hakuna anayeendesha kama Njuki. Alilia kidogo, kisha akapanda gari la Nairobi.

Njuki alitembea. Barabara ya kwenda Kibugu ilikuwa nyekundu na nzito, na viatu vyake viliteleza kila hatua. Alifika mchana umeshaenda, suruali imelowa hadi magotini. Peninah alikuwa mlangoni pa jiko akipepeta maharagwe. Alimtambua kabla hajafika kwenye ua, lakini hakuinuka mpaka alipomaliza ungo ule.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Ungetuma neno, tungejua." Alimtazama mikono mitupu. "Unarudi lini?"

"Kazi imekwisha."

Peninah aliingia jikoni akabandika chai. Binti yao mdogo, Winfred, alitoka kwenye nyumba ya kulala, akasalimu kwa adabu nyingi, macho chini, akamletea kiti. Jikoni walikunywa chai, mvua ikigonga mabati. Peninah na Winfred walitumia vikombe vyao vya bati vilivyobonyea. Kwa Njuki, Peninah alikwenda kabatini, akatoa kikombe cha udongo chenye maua na kisahani chake, akakifuta vumbi kwa pindo la leso, akamimina.

Njuki alikipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopaswa.