Plagi Mdomoni

Fundi alizaliwa na dharau kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Alikuwa ameizoea hata akasahau kwamba wenzake hawana.

Kazi aliianza kwa kuosha vipuri na mafuta ya taa kwenye karakana ya mabasi. Injini alijifunza kwa kusikiliza tu, maana shule aliiacha mapema, au shule ndiyo iliyomwacha, sina hakika. Akafika mahali pa kujua ugonjwa wa gari likiwa bado linakata kona kuingia uani kwake. Shida ni kwamba alisema. Mwenye gari hajazima, yeye ameshamwambia, "Wewe unakanyaga klachi kama unaua mende." Mteja alicheka siku ya kwanza, siku ya pili akaenda kwingine. Mdogo wake wa damu, aliyefungua naye karakana, alikusanya spana zake akaondoka siku alipoambiwa mbele za watu kwamba mikono ile ingefaa kumenya viazi. Huu ni mwaka wa tisa hawasalimiani. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akimfinya paja chini ya meza kila wageni walipokuja. Alipofariki, paja likabaki bila mfinyaji.

Akabaki na binti mmoja. Binti aliolewa na muuza miwani, mtu mpole, mwenye mashati ya kupigwa pasi hadi mfukoni. Wakapata mtoto wa kike, sasa ana miezi minane, na mtoto huyo alikuwa na tabia ya kushika kidole cha babu yake na kukivuta mpaka kwenye fizi. Kwa ajili ya kidole hicho fundi alikuwa akinawa kila Jumapili kwa sabuni ya unga na mchanga hadi kwenye viwiko, kazi ambayo hakuwahi kumfanyia hata mkewe.

Jumapili moja, wakiwa mezani, alimwambia mkwewe kwamba mtu anayewapimia wenzake macho angeanza na ya kwake. Mkwe aliweka kijiko chini taratibu. Walipofika mlangoni, binti alimgeukia baba yake.

"Baba, hii ni ya mwisho. Jumamosi tutakuletea gari. Kile kilima cha tangi la maji kinalishinda. Mimi ndiye ninayeshuka na nguo za kazi nikasukuma, mtoto yumo ndani. Utalitengeneza. Na ukimtukana tena mume wangu, hata kwa utani, mimi na mtoto hutatuona hapa."

"Sijamtukana, mama. Nimesema kweli."

"Basi kaa nayo hiyo kweli yako. Ndiyo itakayokushika kidole."

Fundi alilala na maneno hayo wiki nzima.

Jumamosi asubuhi gari lilisikika muda mrefu kabla halijaonekana. Lilikuwa gari dogo, la injini ndogo, la kumpeleka mtu kazini na kumrudisha, na lilikuwa likiunguruma kama lori la kokoto. Nyuma lilifungwa bawa kama la magari ya mashindano. Ubavuni lilibandikwa miali ya moto mwekundu. Lilipita getini likitetemeka, likazimika lenyewe. Fundi aliona maneno yakimpanda kooni, mengi, mazuri, yaliyopangika vizuri. Akachukua plagi kuukuu ya injini kutoka kwenye kopo, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka katikati ya meno.

"Shikamoo, Baba," mkwe alisema.

"Maaba," fundi alijibu, plagi ikiwa mdomoni.

Binti alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, pale kivulini, mtoto mapajani, macho kwa baba yake.

Mkwe alifungua boneti kama anayefungua zawadi. Hakutaka kununua injini nyingine, alieleza, hapana, alitaka nguvu kidogo kidogo, kwa bei ya mtu wa kawaida. Akaonyesha. Bomba la moshi pana, injini ipumue. Chujio la hewa la wazi, lenye umbo la uyoga, linywe hewa zaidi. Rimu kubwa, za kung'aa. "Na hii, Baba, ni sumaku. Inafungwa kwenye mpira wa petroli. Inainyoosha petroli kabla haijaingia kwenye injini."

Inainyoosha petroli. Fundi aliuma plagi mpaka meno yakalia. Kwa miaka arobaini alikuwa ameona petroli iliyotiwa maji, iliyotiwa mafuta ya taa, na mara moja iliyotiwa sukari na mke aliyeachwa. Petroli iliyopinda hakuwahi kuiona.

Hakugusa injini. Alikuwa na desturi yake: gari lolote linalolalamika halina nguvu, kwanza lilisukumwa kwa mkono. Akaweka gia huru, akaenda nyuma, akampungia mkwe aje.

"Lakini Baba, tatizo ni injini."

Fundi alipiga bawa kwa kiganja: sukuma. Wakasukuma. Gari lilikwenda hatua moja likagoma, kama mbuzi aliyeona bucha. Fundi akachuchumaa, akaweka mgongo wa mkono kwenye gurudumu la nyuma. Lilikuwa la moto kama pasi. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, pengine kwa miezi, na maskini injini ile ilikuwa ikipanda kilima huku ikivutwa shati kwa nyuma.

Kisha akafungua buti. Humo mlikuwa na sanduku la spika lenye ukubwa wa kabati la vyombo.

Akatoa plagi mdomoni. Binti akanyoosha shingo.

"Hili lina kilo ngapi?" aliuliza fundi kwa sauti ya karani wa posta anayepima kifurushi.

"Kama hamsini hivi. Ni la muziki, Baba."

"Na mke wako anaposhuka kusukuma, muziki unakuwa unaendelea?"

Mkwe alimtazama, akamtazama na mkewe pale kivulini. Akainama, akalikumbatia sanduku, akalitoa mwenyewe na shati lake la pasi. Fundi akarudisha plagi mdomoni haraka, maana alikuwa na la pili.

"Rimu za zamani, zile nyepesi, zipo?" alikuja kuuliza baadaye.

"Zipo nyumbani, chini ya kitanda."

Mkwe alipotoka kwenda kuzileta, fundi alimgeukia binti yake. "Chini ya kitanda, mama. Rimu."

"Baba."

Akayameza yaliyobaki. Akashika kazi. Alilegeza breki, akazisafisha. Aling'oa ule uyoga, uliokuwa ukivuta hewa ya moto kutoka kwenye injini yenyewe, akafunga boksi la kawaida lenye mpira wa kuleta hewa baridi kutoka mbele. Alipima valvu, akatia plagi mpya. Sumaku ilikuwa ikimzuia mkono, akaitoa akaitumbukiza mfukoni. Mwisho alipanda kwenye stuli, akateremsha kitu kilichofungwa kwa kitambaa: bomba fupi la chuma la kupitishia hewa, la injini kubwa zaidi ya ukoo huohuo, pana kidogo kuliko la gari hili, linaloingia bila kuchonga chochote. Aliling'oa kwenye gari bovu miaka mingi iliyopita akaliweka kwa ajili ya mtu mwenye akili, na mtu huyo hakutokea. Akalifunga hapo.

Alasiri walikwenda kilimani. Mkwe kwenye usukani, fundi pembeni, plagi mdomoni, binti na mtoto nyuma. Rimu ndogo, buti tupu. Pale kwenye ukuta wa shule, ambapo binti alizoea kufungua mlango na kushuka, mkono wake ulikwenda kwenye kitasa wenyewe. Gari likapita ukuta. Mkwe akatia gia ya tatu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye kilima kile, na tangi la maji likaja likapita dirishani.

"Umeona, Baba?" Mkwe alikuwa anacheka kwa furaha. "Nilikuambia. Walioniuzia waliniambia inachukua wiki mbili kuanza kufanya kazi."

"Nini?" aliuliza binti.

"Sumaku."

Fundi alitoa plagi mdomoni. Mkono mwingine ulikuwa tayari mfukoni, umeishika sumaku, na sentensi ilikuwa tayari, fupi, ya kumfanya mtu ahame mji. Kwenye kioo aliyaona macho ya binti yake. Nyuma ya kiti kikaja kiganja kidogo chenye mate, kikapapasa bega lake, kikashuka kwenye mkono, kikapata kidole.

Fundi aliiangusha plagi mfukoni. Ikagonga sumaku, ikanata.

"Wiki mbili," alisema. "Basi sawa."

Waliporudi uani alingoja mkwe aingie ndani kunywa maji, akafungua boneti. Akaifunga sumaku mahali pake pa upuuzi, kwa kibano kipya, akaikaza, akaitikisa, akaikaza tena robo mzunguko isije ikagongagonga njiani.